SOMO LA MWEZI: NANI ANABEBA MZIGO WA SAFARI YETU?

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Luka 14:28–30, Yakobo 2:1–9, Mathayo 21:1–9, Matendo 8:26–31, Wagalatia 6:1–5.



Mwezi huu tunajifunza habari za baisikeli. Huenda mmoja wenu atauliza, “Je, gazeti la kanisa limekosa neno la kusema hata lizungumze habari za magurudumu na minyororo?” La, ndugu. Mkristo haendi kanisani tu. Huenda shambani, sokoni, kazini, zahanati, na kwa jirani mwenye msiba. Katika juma zima saa anazokaa njiani ni nyingi kuliko saa anazokaa kwenye benchi la kanisa. Basi namna tunavyosafiri, na gharama ya safari hiyo, na heshima tunayompa mwenzetu tunayekutana naye njiani, yote ni mambo ya imani.

Tena yako mambo matatu yanayotusukuma kulitoa somo hili sasa. Kwanza, nyumba nyingi zinaumia kwa madeni ya vyombo vya moto. Pili, vijana wetu wanaumia barabarani. Tatu, tumeanza kumdharau mtu anayekuja kwa baisikeli, kana kwamba Mungu hupima watu kwa chombo walichopanda. Tuyatazame mambo haya moja moja kwa nuru ya Maandiko.

1. Njia iliyopita kwetu

Sisi wa Kwihara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta historia ya safari. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi yetu ya Unyanyembe. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akafika huku mwezi wa Juni: miezi mitatu kwa safari ambayo leo mtu huimaliza kwa siku moja au mbili. Mwezi wa Februari 1872 Stanley na Dakta David Livingstone walifika Kwihara pamoja kutoka Ujiji. Stanley akaondoka mwezi wa Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki katika tembe akingoja watu na vitu, mpaka akaondoka mwezi wa Agosti 1872. Tembe hilo ndilo wageni wanalokuja kulitazama hata leo.

Lakini tuulize swali ambalo wageni hawaulizi mara nyingi: nani aliyebeba mizigo? Wazungu na Waarabu waliandikwa vitabuni. Mzigo ulikuwa juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake aliweka mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mkubwa aliyeugua au kuchoka alichukuliwa kwa machela juu ya mabega ya watu. Na katika njia hiyohiyo walipita watumwa, waliofungwa shingoni, wakibebeshwa pembe za ndovu ambazo faida yake hawakuiona.

Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika nao hapa Unyanyembe, na mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Miezi kama tisa ya kubeba, kwa upendo, bila kulazimishwa na mtu.

Basi njia yetu inatufundisha kwamba hakuna safari isiyo na mzigo, na kila mzigo una bega lake. Tofauti ni kwamba mzigo mmoja hubebwa kwa kulazimishwa, wa pili kwa ujira, wa tatu kwa upendo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya wapagazi wa safari ndefu ilikwisha. Lakini swali halikwisha. Hata leo, mtu akipita kwa gari zuri, yafaa kuuliza: nani anabeba mzigo wa safari hii? Je, ni yeye mwenyewe, au ni mkewe anayekosa fedha ya chumvi, au ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari?

2. Chombo hiki kilitoka wapi

Mwaka 1817 Mjerumani mmoja jina lake Karl von Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali; mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu yake. Baadaye watu walijaribu namna nyingi, pamoja na ile yenye gurudumu kubwa sana mbele, ambayo mtu akianguka huanguka kutoka juu kama aliyeanguka mwembeni. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka huohuo, tarehe 29 Oktoba, Askofu James Hannington aliuawa Busoga baada ya safari ndefu ya miguu. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo baisikeli haijabadilika sana. Ile nyeusi iliyoegemezwa ukutani kwa jirani yako ni mjukuu wa kile chombo cha mwaka 1885, na bado inafanya kazi.

Katika nchi yetu wazee wanazikumbuka Raleigh kutoka Uingereza, Phoenix kutoka China, na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam. Wengine walisomeshwa na baisikeli. Baba alibeba asali kutoka porini, au tumbaku, au karanga, au maembe, akaenda kuuza mjini, na karo ikapatikana. Hata neno bodaboda, ambalo sasa tunalitumia kwa pikipiki, lilizaliwa juu ya baisikeli. Katika miaka ya 1960 na 1970, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walipakia watu kwa baisikeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na jina likatokana na neno la Kiingereza la “mpaka”.

Wazee pia wanakumbuka miaka ya shida ya petroli, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari ya watu binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Siku zile mwenye baisikeli hakuzuiwa na mtu. Petroli tunayoitumia Tanzania huletwa kwa meli kutoka nchi za mbali. Wakipigana huko, bei inapanda hapa Kwihara. Baisikeli inaendeshwa na ugali na maharage, na hivyo vinalimwa kwetu.

3. Kuhesabu gharama

Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye akili huketi kwanza, akapiga hesabu aone kama anavyo vya kumalizia; asiye na akili huweka msingi akaishia hapo, na watu wakamcheka. Mfano huo Yesu aliutoa juu ya kumfuata yeye, lakini aliuchukua katika mambo ya kila siku kwa sababu wasikilizaji wake waliyajua.

Basi na sisi tuketi tupige hesabu. Kutoka Kwihara hadi Tabora mjini ni kama kilomita sita. Mtu wa miguu, akienda kilomita tano kwa saa, atatumia saa moja na zaidi. Mwenye baisikeli, kwa mwendo wa pole wa kilomita 15 kwa saa, atatumia dakika kama 25. Tena Mungu ametupa nchi tambarare. Tabora iko juu ya uwanda wa mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini uwanda wenyewe hauna milima ya kumtesa mpandaji. Ndugu zetu wa Lushoto na Rungwe wangeifurahia barabara kama yetu.

Sasa tuchukue mtu anayekwenda mjini kazini siku sita za juma. Kwenda na kurudi ni safari 12. Kwa majuma 50 ya mwaka ni safari 600. Hatuandiki bei hapa, maana nauli hubadilika. Kila mmoja achukue nauli anayolipa yeye, aizidishe mara 600, aandike jibu kwenye karatasi. Kisha aandike chini yake bei ya baisikeli imara, na ya matairi mawili, na ya fundi kwa mwaka mzima. Ailinganishe hesabu hiyo mbele ya mkewe, au mke mbele ya mumewe, si peke yake. Wengi watashangaa.

Mwenye gari au pikipiki naye ana hesabu yake, na mara nyingi ameandika mstari mmoja tu, yaani bei ya kununulia. Amesahau mafuta, oili, matairi, bima, vipuri na fundi. Kijana anayechukua pikipiki ya mkataba anapaswa kupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, mvua inyeshe, abiria wasiwepo, au awe na homa. Akikosa, deni linakua. Kwa sababu ya deni hilo anakimbia. Kwa sababu ya kukimbia anaanguka. Hatumlaumu kijana huyo. Anatafuta riziki, na wengi wanaipata kwa uaminifu. Tunasema tu kwamba kabla ya kutia sahihi mkataba, aketi kwanza, kama Bwana alivyofundisha, na baba yake na mzee wa kanisa wakae naye waisome karatasi pamoja.

4. Pete ya dhahabu na baisikeli

Sasa tufike mahali panapouma. Someni Yakobo sura ya 2. Mtume anaeleza habari za watu wawili wanaoingia katika kusanyiko. Mmoja amevaa pete ya dhahabu na nguo za kung’aa, mwingine ni maskini mwenye mavazi mabovu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame, au akae chini miguuni pa watu. Mtume analiita jambo hilo kwa jina lake: ni kupendelea watu kwa uso, na ni dhambi.

Tujiulize kwa unyofu. Gari likiingia katika uwanja wa kanisa siku ya harusi, watu husimama, vijana hukimbia kuonyesha mahali pa kuegesha, na mgeni hupelekwa mbele. Mtu akija na baisikeli, huambiwa aiegemeze nyuma ya choo. Je, hamkuliona jambo hilo? Tena mchumba akija kutoa barua ya posa kwa baisikeli, wajomba hutazamana. Huenda kijana yule mwenye baisikeli hana deni hata la shilingi moja, na yule mwenye gari amelikopa.

Mfalme wetu mwenyewe aliingia Yerusalemu juu ya punda. Farasi walikuwako siku zile, na magari ya farasi yalikuwako. Punda alikuwa chombo cha watu wa kawaida, cha kubebea nafaka na maji, kama baisikeli kwetu. Tena punda yule hakuwa wake, aliazimwa. Bwana hakupungukiwa heshima kwa kumpanda punda. Punda ndiye aliyepewa heshima kwa kumbeba Bwana. Mwenye kumwamini Mfalme huyo ataonaje haya kufika kanisani kwa baisikeli?

Mwaka 1967 Rais Julius Nyerere, aliyesoma shule hapa Tabora, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Gari alikuwa nalo. Alitaka kuonyesha kwamba kiongozi hapotezi kitu kwa kwenda mwendo wa watu wake.

5. Mabinti na akina mama

Katika nyumba nyingi baisikeli ni ya baba. Mama hutembea na ndoo au kuni kichwani, na baisikeli imeegemea ukutani kwa sababu mwenyewe amelala mchana. Hapa methali ya wazee yatuhukumu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba ndiye ajuaye uzito wake. Nyumba ya Kikristo yapaswa kuwa na baisikeli ya nyumba, siyo ya mtu mmoja, na atakayeipanda ni yule ambaye safari yake ni ndefu au mzigo wake ni mzito siku ile.

Tena tuwafikirie mabinti zetu wanaokwenda sekondari. Binti anayetembea kilomita saba asubuhi na saba jioni hufika darasani amechoka na hurudi nyumbani giza likikaribia. Njiani hukutana na mwenye pikipiki anayempa lifti ya bure, na sisi wazazi twajua kwamba lifti nyingi za bure hulipwa kwa bei kubwa. Katika nchi ya Zambia, wasichana wa vijijini walipogawiwa baisikeli imara za kwendea shule na watafiti wakawafuatilia, siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo. Jambo hilo si la muujiza. Njia ilifupishwa, na msichana akawa bwana wa safari yake mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba si heshima mwanamke kupanda baisikeli. Tunauliza: ni heshima gani inayolindwa kwa kumchosha? Zipo baisikeli zenye fremu iliyoshuka katikati, ambazo mama aliyevaa gauni au khanga huzipanda bila taabu. Umoja wa Akina Mama wangeweza kulizungumza jambo hili vizuri kuliko sisi.

6. Gari lina kazi yake

Tusije tukaeleweka vibaya. Gari si dhambi, na baisikeli si sakramenti. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku asipakizwe kwenye keria ya baisikeli. Atafutiwe gari upesi. Mgonjwa aliyezimia, mzee asiye na nguvu, mlemavu, mtu anayekwenda Nzega au Sikonge na mizigo mizito, hao wanahitaji gari au basi. Mwenye gari Mungu amempa mali ya kuwasaidia wengine. Kiti kitupu ndani ya gari lake ni talanta iliyofukiwa. Akikuta wazee njiani, awapakie.

Tunachosema ni kwamba safari zetu nyingi hazimo katika orodha hiyo. Kwenda sokoni, kwenda shambani, kwenda kwenye mazoezi ya kwaya, kwenda kununua dawa, kwenda kumtazama mgonjwa, ni safari za kilomita mbili, tatu, tano. Kwa safari hizo kununua chombo cha moto ni kama kuchinja ng’ombe kwa ajili ya mgeni mmoja.

7. Baisikeli ifaayo na utunzaji wake

Wengi huchagua baisikeli kwa macho. Vijana hupenda zile zenye gia nyingi na matairi mapana, zisizo na madigadi wala keria. Hizo ni za michezo. Baisikeli ya kazi ya kila siku iwe na mambo haya: fremu imara, usukani unaomwezesha mtu kukaa wima aone mbele, madigadi mawili ili mvua za Novemba hadi Aprili zisimpake matope, kikinga mnyororo ili suruali au gauni lisinaswe, keria yenye nguvu, stendi, kengele, breki mbili na taa. Zilizotumika kutoka ng’ambo nyingine ni nzuri, hata zina kikapu mbele. Lakini kabla ya kununua muulize fundi kama vipuri vyake vinapatikana Tabora. Baisikeli isiyo na vipuri ni pambo.

Utunzaji si kazi ngumu. Kila juma jaza upepo. Tairi lenye upepo mdogo huchosha mpandaji na huharibu rimu. Futa mchanga kwenye mnyororo kwa kitambaa kisha tia mafuta kidogo, maana wakati wa kiangazi mchanga wetu hula chuma kama mchwa alavyo mti. Kaza nati. Tazama raba za breki. Kila mwaka fundi afungue ekseli, aoshe gololi, atie grisi. Kila mpandaji ajifunze kuziba pancha mwenyewe, kwa maana mwiba haungoji ufike kwa fundi. Na fundi wako mlipe upesi. Wapo mafundi chini ya miembe ambao madeni yao ni kwa waumini wanaoimba vizuri siku ya Jumapili.

8. Kumpenda jirani barabarani

Amri ya kumpenda jirani haina mapumziko mtu afikapo barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhusu na mwenye baisikeli. Pita kushoto. Onyesha mkono kabla ya kugeuka. Simama njia panda. Usishike nyuma ya lori ili likuvute. Usipakie watu wawili nyuma na mtoto mbele. Usiku usitembee bila taa, na vaa nguo nyeupe. Kofia ngumu kichwani si aibu. Ukinywa pombe, sukuma baisikeli kwa miguu, au afadhali zaidi, usinywe.

Na ninyi mnaoendesha magari, pikipiki, na mabasi: mwenye baisikeli si mdudu wa kupigiwa honi mpaka aruke mtaroni. Yeye ni baba wa mtu. Punguzeni mwendo, mpeni nafasi ya kutosha mkono wote unyooshwe, ndipo mpite. Haraka haraka haina baraka, na dakika moja uliyoiokoa haitakufaa kitu mbele ya mjane.

Wengine husema kwamba mahali penye magari mengi baisikeli haina budi kufa. Tutazame Uholanzi. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi walikataa kuona jambo hilo kama mapenzi ya Mungu. Waliandamana, na walizifunga barabara ili watoto wacheze. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilizuia magari siku ya Jumapili, na watu wakatoka kwa baisikeli. Tangu hapo njia za baisikeli zilijengwa pembeni mwa barabara kidogo kidogo, na leo mawaziri na wanafunzi hukutana juu ya baisikeli. Kwetu Tanzania, wapanda baisikeli wa Dar es Salaam nao wameunda chama chao, Umma wa Wapanda Baisikeli, ili kudai njia salama. Nasi katika mikutano ya kijiji na ya kata tunaweza kuuliza, kila barabara inapotengenezwa: je, mtu wa miguu na mwenye baisikeli mmewawekea nafasi gani?

9. Mwinjilisti na chombo chake

Mwisho, tufikirie kazi ya Injili. Katika Matendo sura ya 8, Filipo alikuwa kwa miguu, na Mwethiopia alikuwa ndani ya gari lake la farasi. Filipo alikimbia akalisogelea gari, akasikia mtu yule anasoma Isaya. Kwa kusikia huko alipata neno la kuanzia. Mtu anayepita mbio, vioo vimefungwa, hasikii mtu anasoma nini wala analia nini. Mwenye baisikeli husalimiwa katika kila nyumba. Husikia kilio cha msiba, huona shamba lililoachwa, hujua ni nani hajaonekana. Habari hizo ndizo kazi ya uchungaji.

Halmashauri nyingi za mitaa husema, “Tukipata gari la kanisa, kazi itakwenda.” Huenda ni kweli. Lakini gari moja hukaa kwa mtu mmoja, na likikosa mafuta kazi nzima husimama. Kila mwinjilisti akiwa na baisikeli yake nzima, yenye keria ya kubebea vitabu na mgonjwa wa karibu, kazi husimama kwa mmoja tu, tena kwa muda wa kuziba pancha. Halmashauri zilipime jambo hili kwa hesabu na kwa sala.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana: tuchukuliane mizigo, na tena kila mtu ana furushi lake la kubeba. Baisikeli yatusaidia kuyaelewa yote mawili. Miguu ya mpandaji inabeba furushi lake mwenyewe. Hamlipishi mtu mwingine safari yake. Na nyuma yake iko keria, mahali patupu, pangojeapo mzigo wa jirani. Babu zetu walibeba mizigo ya wengine kwa kulazimishwa na kwa ujira mdogo. Sisi tuliokombolewa tubebe kwa hiari.

Umoja wa Mataifa uliazimia mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni iwe Siku ya Baisikeli Duniani. Kwetu Waanglikana tarehe hiyo ni kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda, waliokwenda Namugongo mwaka 1886. Ingefaa siku hiyo kila anayeweza aje ibadani kwa miguu au kwa baisikeli, na zile baisikeli zisiwekwe nyuma ya choo, bali mbele ya mlango mkuu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika safari zako za juma lililopita, ngapi zilizidi kilomita tano? Ulitumia chombo gani, na nani alibeba gharama?
2. Someni Yakobo 2:1–9. Ni kwa njia gani kanisa letu limewapendelea watu kwa sababu ya chombo walichokuja nacho?
3. Nyumbani kwenu, nani hupanda baisikeli, na nani hubeba mzigo kichwani? Je, mpango huo ni wa haki?
4. Kijana akitaka kuchukua pikipiki ya mkataba, kanisa limsaidieje kuhesabu gharama?
5. Mtaa wetu ukipata fedha, tununue gari moja au baisikeli kadhaa? Kila upande utoe sababu zake, kisha msali kabla ya kupiga kura.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyetembea katika njia za Galilaya, na ukaingia mji wako juu ya punda wa kuazima: tulinde tutokapo na turudipo. Utuondolee majivuno ya vyombo na aibu ya umaskini. Uwahurumie wote walioumia barabarani, na nyumba zilizoachwa na marehemu wa ajali. Uwape wasafiri uangalifu, wenye vyombo vya moto subira, na sisi sote mabega mepesi kwa mzigo wa jirani. Kwa ajili ya jina lako. Amina.